Rangi ya Jiko Langu

Kosa lake la kwanza kwangu lilikuwa chupa ya chai.

Alikuja kupanga chumba chetu cha uani pale Tarime mjini, wakati wa rashi ya dhahabu, watu wakishuka kwenye mabasi kutoka Mwanza na wengine wakitokea mpakani Sirari, sululu begani, wote wakiulizia machimbo. Yeye, mwanamke peke yake, alikuja na begi la nguo, sanduku la bati lenye kufuli mbili, na chupa ya chai nyekundu ameikumbatia kifuani. Nikamwekea kiti, nikaleta vikombe. Nikamwambia, "Dokta, tuanze na hiyo ya kwako wakati yangu inachemka." Akaikumbatia zaidi. "Hii hainywewi," akasema. Mume wangu Marwa akanitupia jicho. Mgeni anayekunyima chai akiwa nyumbani kwako humsemi kitu, unamweka moyoni tu na kusubiri uone.

Tulimwita Dokta kwa sababu ndivyo alivyojitambulisha, na jina lake lilibaki kwenye karatasi zake. Siku ya pili tu jirani akaleta mtoto mwenye homa. Dokta akamshika mtoto paji la uso, akasema ana joto, mpelekeni hospitali. "Kwani wewe si dokta?" jirani akauliza. "Mimi ni dokta wa mwanga." Yule mama aliondoka akinung'unika mpaka barabarani. Tangu hapo mtaani wakamwita Dokta Asiyetibu, ila mbele yake walisema Dokta na kumwamkia vizuri.

Ndani ya ile chupa hamkuwa na chai. Alinionyesha wiki ileile, baada ya kuona nimenuna. Mlikuwa na maji ya uvuguvugu, na kwenye maji mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko vipande vya kioo vyenye ukubwa wa ukucha wa dole gumba, viwili viwili vimebanwa pamoja, katikati yake tone la kitu mfano wa mafuta ya kupaka. Tarime asubuhi kuna baridi ya kuuma, na lile tone halikutaka baridi, halikutaka joto. Maji ya moto yakikosekana alivitia vioo kwapani. Mara nyingi nilimkuta ameketi kitandani, mikono imebanwa ubavuni, anasoma kitabu kilicho magotini na kufunua kurasa kwa kidevu.

"Hizi zinaitwa fuwele kimiminika," aliniambia. "Si maji, si jiwe. Zinatiririka, lakini chembe zake zimejipanga kwa safu, na safu zinajisokota." Nikasema sijaelewa. Akafungua kamba yangu ya kuanikia nguo, akaisokota mbele yangu, akaniambia nitazame mapindo. Mapindo yakiwa ya karibu karibu, tone likipigwa mwanga linatoa rangi moja. Yakilegea, linatoa nyingine. Alikuwa na kisanduku cha betri kinachopiga mwanga wa buluu. Alipolipiga tone, likajibu kwa nukta moja ya kijani juu ya karatasi, nukta kali, imetulia, haichezi hata kidogo. Hiyo ndiyo leza yake. "Leza ni mwanga uliofunzwa adabu," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona anacheka.

Kwenye chuo kikuu alikofundisha walikuwa wanatafuta kazi za hizi leza za tone. Wapo waliotaka kupimia damu hospitalini. Wapo waliotaka kuzichapa kwenye karatasi kama rangi, ziwe kitu rahisi mtu anatumia na kutupa. Ya kwake yeye ilikuwa zebaki. Kile kioo alikipaka dawa inayoshika moshi wa zebaki. Moshi ukishikwa, mapindo yanalegea, kijani inakwenda njano, njano inakwenda nyekundu. Alitamani kila mama wa machimboni awe na tone lake, amelifunga kwenye pindo la kanga, alichungulie kabla ya kuwasha moto. Nikamtania kwamba sisi tukifunga kitu kwenye pindo ni hela, hilo tone lake litafuliwa na sabuni. Akaandika kwenye daftari.

Alikuwa anaandika kila kitu. Na kila kitu alikipima mara tatu, hata chumvi. Nilimwomba siku moja anikorogee uji, nikamkuta anaweka kijiko cha sukari, anakirudisha kwenye kopo, anakiweka tena. Sokoni mama wa nyanya alimwuliza, "Hizi si nzuri?" Mtu mwingine angesema nzuri, au angesema mbaya ili apunguziwe. Yeye akasema, "Bado sijui." Mama wa nyanya akacheka mpaka akashika mgongo. Hilo ndilo lilikuwa neno lake, bado sijui. Ukimwuliza kama mvua itanyesha, bado hajui. Ukimwuliza kama ameshiba, anafikiri kwanza. Marwa alikuwa akisema, "Huyu ukimwamkia asubuhi inabidi apime kama ni asubuhi."

Mwenye kupatana naye sana alikuwa Mzee Ramadhani, fundi wa redio na saa pale karibu na msikiti, mzee ambaye baba yake alitoka pwani na mashine ya kushonea akafia hukuhuku Tarime. Betri ya kisanduku ikisumbua, Dokta alikwenda kwake. Nilimsindikiza mara moja. Mzee alikigeuza kile kisanduku, akakinusa, akamwuliza, "Mwanangu, hiki kazi yake nini?" Dokta akasema, "Kuona kisichoonekana, mzee." Mzee Ramadhani akaweka bisibisi chini. "Hiyo mwachie Mungu. Wewe fanya ya kupima tu." Dokta alilipenda jibu hilo, nalo akaliandika.

Sasa niseme yangu, maana bila hayo hamtaelewa kwa nini mtu huyu hanitoki kichwani. Mimi ni mwoga. Niliingia kwenye ile nyumba ya Marwa nikiwa na miaka ishirini, nikabeba mimba, ikatoka. Nikabeba ya pili, ikatoka nayo, kubwa, imeshaanza kucheza. Dokta alipokuja kupanga nilikuwa na ya tatu, ya miezi miwili, na sikuwa nimemwambia mtu zaidi ya mume wangu. Nilikuwa natembea nimejishika, naogopa ngazi, naogopa ndoo ya maji, naogopa kupiga chafya.

Lakini moshi sikuuogopa. Wachimbaji wakishasaga mawe na kuosha mchanga, wanatia zebaki, zebaki inazoa chembe za dhahabu, wanaikamua kwenye kitambaa, kinabaki kidonge kizito cheupe. Kidonge lazima kichomwe, zebaki iondoke, dhahabu ibaki. Kazi ya kuchoma ilikuwa yangu. Marwa alileta vidonge vyake na vya wenzake, mimi nikachoma kwenye kikaango juu ya jiko la mkaa, jikoni kwangu, mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa gunia. Huwezi kuchoma nje wakati wa rashi. Watu wakijua kwako kuna dhahabu, wanakuja na mapanga, na tulimjua jamaa wa Nyarero aliyekatwa vidole vitatu kwa sababu alichomea uani. Nikimaliza nilikunywa bakuli la maziwa mgando, kwa kuwa machimboni wote walisema maziwa yanaiosha zebaki tumboni.

Kwamba zebaki ni mbaya kila mtu alikuwa akilijua, kama tunavyojua pombe ni mbaya. Maofisa walishakuja wakasema, Dokta mwenyewe alisema siku ya kwanza, na kuhusu maziwa akasema yanasaidia njaa tu. Tukaitikia. Ubaya wa jumla haumtishi mtu. Nilikuwa nataka kuambiwa habari ya jiko langu.

Na alilipima. Wiki ile ya kwanza, asubuhi ya baridi, mkaa ndiyo kwanza unashika na kidonge nimeshakiweka, akagonga na kuomba aingie na kisanduku chake, kukijaribu tu. Nikamfungulia upesi, nikafunga. Kisanduku kilikuwa na tundu la kuchungulia, maana ile leza si ya kuitazama hovyo, inaumiza macho. Akainama, akachungulia. Akapumzika, akachungulia. Akachungulia mara ya tatu, akaandika. Nikamwuliza, "Inasemaje?" Akasema, "Bado sijui." Nami nikacheka, nikaendelea kuchoma.

Yeye naye alikuwa mwoga, na labda ndiyo maana tulizoeana. Aliogopa mbwa, aliogopa jogoo wetu, akipanda bodaboda alifumba macho kutoka stendi mpaka nyumbani. Radi ikipiga aliingia jikoni kwangu akakaa kwenye gunia la mkaa, sketi nzuri na yote. Halafu mtu huyohuyo alikuwa akiamka anakwenda machimboni peke yake, kwenye mashimo na karasha za kusagia mawe zinazounguruma, katikati ya wanaume mia waliolewa, na chupa yake kifuani. Nilimwambia hana akili. Akaniambia anaogopa njia nzima, ila akifika anakuwa na kazi.

Kule machimboni ndipo ukweli wake ulipotaka kumuua. Vijana walimwona anainamia kisanduku anachungulia, wakaamua ni mashine ya kuona dhahabu ardhini. Wakawa wanamletea mawe, wamepanga foleni. Yeye akiulizwa kama hapa pana dhahabu, anajibu alivyozoea, bado sijui. Wangemsikia anasema hakuna, wangekwenda zao. Sasa mtu akisema bado sijui, si anajua ila anaficha? Mmoja, jitu refu lenye koti la mvua, alimfuata siku tatu mfululizo, mchana kweupe, panga limening'inia mkononi. Hakumtukana, hakumgusa. Alimwambia tu, "Dada, utanionyesha." Siku ya tatu alimfuata mpaka kwenye lango letu, akasimama pale, mpaka Marwa alipotoka akamwambia, "Mura, hapa ni kwangu." Yule mtu akatazama nyumba vizuri, upande mmoja mpaka mwingine, akaondoka. Dokta aliingia uani akaanza kuosha vikombe. Aliosha vikombe vyote, akavirudia, na mimi nimesimama mlangoni naogopa kumgusa. Kuanzia siku hiyo Marwa aliweka komeo la pili kwenye mlango wa jikoni.

Jioni jioni alikwenda stendi. Kila basi la Mwanza likiingia, yeye yupo, anamwuliza kondakta habari ya bahasha. Mimi nilijua ana mwanaume. Nikamtania wiki nzima, nikamwambia basi hata mchumba wake anatumwa kwa kondakta kama kifurushi. Siku moja akanionyesha barua aliyokuja nayo kutoka chuoni kwake. Iliandikwa kwa lugha ngumu, lakini mstari mmoja aliupigia kalamu: majibu ya nyumba yoyote yasitolewe kwa mwenye nyumba mpaka chombo kithibitishwe. Alikuwa ametuma vumbi na vipande vya karatasi kwenye maabara kubwa mjini vikapimwe kwa mashine zinazoaminika, ili wajue kama leza yake inasema kweli. Alichokuwa akisubiri ni hayo majibu. Nikamwuliza, "Na kama leza inadanganya?" Akasema, "Ndiyo maana nasubiri." Niliona ni mtu mwadilifu sana. Nilimsifia kwa Marwa.

Mimba ikafika miezi mitano. Ikawa inacheza. Ile ya pili ilitoka kwenye miezi hiyohiyo, kwa hiyo sikulala vizuri, nikala vibaya, nikawa mkali kwa kila mtu. Siku yenyewe ilikuwa saa nane mchana, jua kali, na Marwa alileta vidonge vingi kuliko siku zote kwa kuwa wenzake walikuwa wamepata. Tukajifungia. Makomeo yote mawili. Nilikuwa nimechoma vidonge vitatu, nguo imenigandia mgongoni, nikasikia kizunguzungu, nikashika ukuta kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine. Dokta akagonga. Tulipomfungulia akaniona nilivyo, akarudi chumbani mbio, akaja na kisanduku, Marwa akafunga tena makomeo.

"Fungueni mlango," akasema. "Fungueni na dirisha."

"Dada, haiwezekani," Marwa akasema. "Yule mtu wa koti amepita asubuhi hapa nje."

Dokta akaweka kisanduku juu ya kabati la vyombo. Akainama, akachungulia. Akapangusa jicho, akachungulia tena. Mara ya tatu alichungulia muda mrefu, nikaona jasho linadondoka kutoka kidevuni kwake. Kisha akasimama.

"Ni nyekundu," akasema. "Nyekundu kabisa. Bhoke, toka humu ndani."

Marwa akamwuliza, "Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Nataka mwelewe. Mwanamke huyu hakuwahi kuwa na uhakika wa nyanya. Niliposikia neno lile kutoka mdomoni mwake, niliachia ukuta nikaelekea mlangoni. Marwa naye alibadilika uso. Alifungua makomeo kwa mkono wake mwenyewe, akachukua jiko na kikaango akavitupa uani, mwizi aone asione. Sikuchoma tena kidonge hata kimoja. Marwa alihamishia kuchoma hukohuko machimboni, mahali pa wazi, na hakufurahi, tulinuniana sana, lakini hakunirudishia kazi ile. Dokta aliondoka mwezi uliofuata. Aliniaga kwa haraka, hakuweza kunitazama, nikadhani ni huzuni.

Ghati alizaliwa salama, analia, vidole kumi. Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini mimi nilikuwa na nyekundu yangu. Kila nilipomtazama niliiona, nukta kali, imetulia, ingawa sikuwahi kuiona kwa macho. Alipochelewa kutembea, nikasema ni ile. Alipoanguka na kikombe, ni ile. Tukahamia Mugumu, Marwa akaacha machimbo akaanza kununua mahindi, mimi nikajifunza cherehani nikapata kibaraza sokoni, na hofu nikahama nayo. Mwalimu wa darasa la pili alipoandika kwenye daftari kwamba mwandiko wa mtoto unatetemeka, nilikwenda chooni nikakaa humo mpaka nikaweza kupumua. Marwa sikumwonyesha.

Mwaka huu, Ghati akiwa darasa la tatu, nilikuwa kibarazani napinda sketi za shule. Basi la Musoma lilikuwa limeshapita. Nikasikia mtu anasema hodi kwa sauti ndogo, nikainua macho, nikaiona chupa kwanza. Rangi nyekundu imechubuka, kifuniko si chake. Dokta alikuwa amekonda, nywele nyeupe mbele, lakini alivyoikumbatia ni vilevile.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba, mdogo wangu. Nimekutafuta Tarime, wakanielekeza huku."

Nikampa kiti. Nikamwuliza safari, nikamwuliza kazi, akajibu kifupi kifupi. Nikaagiza chai kwa mama ntilie. Aliishika bila kunywa. Nilimjua, kuna kitu anakipima kabla ya kukisema.

"Siku ile jikoni kwako," akasema, "hakukuwa na nukta."

"Siku ipi?"

"Siku ya makomeo mawili. Joto lilikuwa kali mno. Lile tone likizidiwa na joto safu zinavunjika, linabaki mafuta tu. Nilichungulia mara tatu. Karatasi ilikuwa tupu."

"Ulisema nyekundu."

"Nilisema."

"Ulisema una uhakika."

"Ulikuwa umeshika tumbo, Bhoke. Niliogopa. Nilisema lililokuja." Akaweka kikombe chini. "Niliwaandikia chuoni mwenyewe, nikawaambia nimetoa jibu bila kipimo. Wakanisimamisha kazi ile mwaka mzima. Hilo si kitu."

Nilikasirika. Nasema ukweli, nilitaka kumrushia mkasi. Miaka yote ile nimeogopa rangi ambayo haikuwepo. Nimemtazama mtoto wangu akila, akilala, akiandika, nikiitafuta rangi ya uongo. Nikamwambia, "Kwa hiyo umekuja kuniambia sikuwa na haja ya kuogopa."

"Hapana," akasema. "Siyo hilo lililonileta."

Akatazama kibaraza cha jirani. Mwanamke aliyekuwa anauza dagaa pale akainuka akaenda kutafuta chenji, nikashukuru.

"Ile wiki ya kwanza," Dokta akasema. "Asubuhi ile ya baridi. Nukta ilikuwepo."

Nilijua swali langu linalofuata, na sikutaka kuliuliza. Nikaliuliza. "Rangi gani?"

"Nyekundu. Mara zote tatu."

"Ukaniambia bado hujui."

"Nilikuwa sijui. Chombo kilikuwa hakijathibitishwa, barua imenikataza, nikasubiri bahasha. Nilikuwa nakwenda stendi kila siku, uliniona. Bahasha ilifika nikiwa nimeshaondoka Tarime. Chombo kilikuwa kinasema kweli tangu mwanzo."

Nikahesabu kwa vidole kwenye kitambaa cha sketi, sikuweza kujizuia. Miezi miwili alipokuja. Mitano siku ya makomeo. Miezi mitatu yeye yuko chumba cha uani na jibu langu ameliandika kwenye daftari, na mimi nachoma, nakunywa maziwa, namsifia kwa mume wangu kuwa mwadilifu.

"Mpime," nikasema. "Umekuja na chupa. Anatoka shule sasa hivi, mpime."

"Haitusaidii. Zebaki haikai mwilini miaka yote hii, imeshatoka. Kama ilimfanya kitu, ilimfanya wakati ule, akiwa tumboni. Hakuna tone litakaloniambia leo."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui," akasema. "Na safari hii siwezi kusema bado."

Tulikaa. Sikumwambia nimemsamehe, maana sikuwa nimemsamehe, na sikumfukuza. Nilikuwa naogopa, na katika dunia nzima yeye peke yake alikuwa anaogopa kitu kilekile pamoja nami. Chai yake ikapoa na kufanya utando.

Ghati akaja na begi mgongoni, soksi moja imeshuka. "Shikamoo mama. Shikamoo mgeni." Nikavaa miwani yangu niliyoinunua kwa mmachinga, nikachukua sindano na uzi mweusi, nikampa kama ninavyompa kila siku akitoka shule. "Nitungie, mwanangu, macho ya mama hayaoni." Nikaona Dokta ananitazama, halafu anamtazama mtoto, halafu anaitazama miwani. Akaelewa. Akasogeza kiti mbele.

Ghati akalowesha uzi kwa ulimi. Akanyanyua sindano kwenye mwanga wa barabarani. Ncha ya uzi ikapita kando, ikagusa chuma, ikatikisika kidogo, au nilidhani imetikisika. Sikupumua, na Dokta pembeni yangu hakupumua. Uzi ukapita.

Akainyoosha sindano kwangu, lakini mkono ulioipokea ulikuwa wa Dokta. Akauchomoa ule uzi polepole, akamrudishia sindano tupu.

"Tunga tena," akasema.

Ghati akatunga tena. Ukapita. Dokta akachomoa tena uzi, akamrudishia mara ya tatu, na mimi nimeinama mbele kama yeye, vichwa vyetu vinakaribia kugongana. Mtoto hakuipokea sindano. Alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Mama," akasema, "miwani yako ni kioo kitupu, nimeshaijaribu. Na huyu mgeni naye haoni?"